Kazi za kompyuta ziko nyingi, mbona binti yangu hazioni?

Swali: "Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nguo za watoto soko la Toi. Binti yangu mkubwa alihitimu shahada ya Sayansi ya Kompyuta mwaka jana katika chuo kikuu cha umma, daraja la pili la juu. Atachimenti aliifanyia katika ofisi moja ya serikali, na kwa miezi 3 kazi yake ilikuwa kubadilisha wino wa printa na kuweka programu za kuzuia virusi. Tangu amalize ametuma maombi zaidi ya 70, ameitwa mara 3, na kote anaambiwa wanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka 2. Lakini kila nikifungua redio nasikia kampuni za teknolojia zinalia kwamba hazipati vijana wenye ujuzi. Ni nani anatudanganya? Sasa kuna shule inayofundisha kutengeneza programu kwa miezi 6, karo KSh 150,000, na wanasema asilimia 90 ya wanafunzi wao hupata kazi. Naweza kukopa kwa sacco yetu kwa asilimia 1 kwa mwezi, nilipe kwa miaka 3. Mjomba wake anasema chuo kilimpotezea wakati, na kwamba hata kazi zenyewe zitamalizwa na akili unde. Nikope au nisikope?"

Jibu: Mama, naanza na hilo la mwisho kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi. Usikope kwanza. Sisemi usikope kabisa. Nasema kuna mambo ya kuangalia kabla hujawapelekea wadhamini wako fomu watie sahihi, na mengi yake hayahitaji zaidi ya nauli ya kwenda mjini na kurudi.

Kuhusu nani anadanganya, hakuna. Binti yako anasema kweli na kampuni zinasema kweli. Tatizo liko kwenye neno "ujuzi". Mkuu wa kampuni akisema redioni kwamba hapati watu, anayemfikiria ni mtu ambaye tayari amefanya kazi miaka mitatu minne, mtu unayeweza kumwachia mfumo Ijumaa jioni ukaenda nyumbani kwako ukalala. Binti yako akisikia tangazo lile lile, anadhani linamhusu mhitimu. Halimhusu, angalau si kwa sasa. Wanaotoka vyuoni ni wengi, waliokomaa ni wachache, na katikati pale pana bonde ambalo hakuna mtu anayetaka kulijengea daraja.

Bonde hilo lina historia. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ghafla kila benki, kila sacco na kila hospitali ikahitaji mifumo inayoweza kuzungumza na simu. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa na intaneti ikaacha kuwa ya kupimwa kwa kijiko. Mwaka 2010 iHub, ukumbi wa vijana wa teknolojia, ukafunguliwa kwenye barabara ya Ngong, si mbali na soko lako, na vijana wakaanza kukesha humo wakijaribu hili na lile. Kisha wakaja wakubwa: Microsoft ikafungua kituo chake cha uhandisi hapa Nairobi mwaka 2019, na mwaka 2022 Google na Visa nazo zikatangaza vituo vyao. Habari njema, naam. Lakini wote hao walitupa nyavu katika bwawa moja, wakitafuta samaki wa ukubwa mmoja. Waliowapata waliwatoa kwenye benki zetu na kampuni zetu changa kwa kuwapandishia mshahara. Idadi ya waliokomaa haikuongezeka kwa kuhamishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Kuna waliojaribu kulijengea bonde hilo daraja. Andela, kampuni iliyoanzia Lagos mwaka 2014 na kuingia Nairobi mwaka uliofuata, ilianza na wazo zuri: chukua vijana wenye vipaji, wafunze huku ukiwalipa, kisha wafanyie kazi kampuni za nje. Septemba 2019 ikawaachisha kazi mamia ya wahandisi chipukizi nchini Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu waliyoitoa hadharani ni kwamba wateja walikuwa wanataka wenye uzoefu. Baadaye, pesa za wawekezaji zilipopungua, kampuni changa zilizojulikana sana hapa, Sendy mwaka 2023 na Copia mwaka 2024, zikaangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Watu wao wakarudi sokoni na uzoefu wao kwapani. Hao ndio wanaopanga foleni moja na binti yako kwa kazi ambayo zamani ingekuwa ya mhitimu.

Unaweza kuuliza: kama wote wanawahitaji waliokomaa, si kila kampuni ichukue wachanga iwakomaze? Nimekaa upande wa mwajiri, kwa hivyo nitakuambia hesabu inavyopigwa. Nikimwajiri mhitimu, kwa miezi sita ya kwanza yeye hanipunguzii kazi, ananiongezea. Kila anachoandika lazima mtu mzima akisome, akirudishe, akieleze upya. Mtu huyo mzima ndiye ghali kuliko wote ofisini, na saa anazokaa na mchanga ni saa ambazo kazi ya mteja imelala. Baada ya mwaka mmoja na nusu kijana anaiva. Siku hiyo hiyo anapigiwa simu na kampuni jirani, au kampuni ya ng'ambo inayolipa kwa dola na haimtaki hata ahame Nairobi. Anaenda, na simlaumu, hata mimi nilienda. Kwa hivyo kila kampuni inaona ni nafuu jirani ndiye afunze, yeye aje avune. Jirani naye anafikiria vivyo hivyo.

Nenda barabara ya Kirinyaga uone mafundi wa magari wanavyofanya. Hakuna fundi pale aliyetoka darasani akakabidhiwa injini. Kijana huanza kwa kushika tochi, kisha kuosha vyuma kwa petroli, kisha kufungua nati akiwa na mkubwa wake begani, na wakati wote huo anakula kidogo kutoka kwa kazi ile. Ujerumani wameuandikia utaratibu wa namna hiyo sheria: mwanafunzi wa ufundi anakuwa na mkataba na kampuni, analipwa, na siku zake zinagawanywa kati ya kazini na darasani. Sisi tuna kipande chake. Kila mwajiri hapa hutozwa KSh 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ndiyo inayosimamia hata mambo ya atachimenti. Lakini ofisi inayompokea mwanafunzi haibanwi imfundishe nini. Ndiyo maana wa kwako alijifunza printa.

Sasa nikuonyeshe ujuzi wenyewe, kwa sababu ukiuona utaelewa kwa nini cheti kingine huenda kisimsaidie. Na utaniwia radhi, nitatumia biashara yako.

Bila shaka una namba ya Till. Mteja akikuambia "nimetuma", hata akikuonyesha simu yake, humfungii nguo mpaka ujumbe uingie kwenye simu yako wewe. Hakuna aliyekufundisha hivyo, soko ndilo lililokufundisha. Sasa mimi nikimwita mhitimu kwa usaili, humpa zoezi dogo: tengeneza ukurasa wa duka, mteja abonyeze "lipa", simu yake iibukiwe na ule ujumbe wa kuomba PIN, na akilipa duka limwandikie risiti. Programu ya duka hutuma ombi kwa Safaricom kupitia mlango unaoitwa Daraja, ambao una mazingira ya majaribio yasiyolipiwa. Daraja hujibu papo hapo, na ndani ya jibu lile huwa na namba 0. Hapo ndipo wengi huruka kwa furaha: 0 maana yake mambo ni sawa, wanamwandikia mteja risiti. Lakini 0 hiyo ya kwanza inasema tu "ombi lako limepokelewa". Mteja hata hajagusa PIN. Habari ya pesa huja sekunde kadhaa baadaye kwa ujumbe wa pili, na humo ndimo 0 inamaanisha amelipa, 1032 mteja ameghairi, 1 salio halitoshi. Yaani mhitimu mwenye shahada amefanya kosa ambalo wewe sokoni hulifanyi: amemfungia mteja nguo kwa kuonyeshwa simu yake.

Na bado. Ujumbe huo wa pili unaweza kuja mara mbili, na usipojihadhari utamhesabia mteja malipo mawili. Unaweza pia usije kabisa kwa sababu mtandao ulikatika, na ukawa na mteja aliyelipa ambaye duka linamwambia hajalipa. Wengi niliowapa zoezi hili waliishia kwenye 0 ya kwanza. Msichana mmoja, ambaye msimbo wake haukuwa hata mzuri, aliacha kuandika akanitazama akauliza, "Na ujumbe usipokuja?" Yeye ndiye niliyemwajiri.

Swali lile hulipati kitabuni. Linatokana na kuumizwa kidogo, au kukaa karibu na mtu aliyeumizwa. Mimi mwenyewe katika kazi yangu ya kwanza, kampuni nisiyoitaja, niliandika programu ya kuwakumbusha wateja madeni yao, nikasahau mstari mmoja, ikawatumia watu ujumbe ule ule usiku kucha. Asubuhi mkubwa wangu hakunifokea. Aliniwekea orodha ya namba na simu ya mezani, akaniambia nimpigie kila mmoja nimwombe radhi. Nilipiga hadi saa tisa mchana. Kuna mzee mmoja wa Nakuru aliyenishukuru, akasema kumbe alikuwa amesahau kweli.

Nikija kwa mjomba. Mwambie kwa heshima kwamba chuo hakikumpotezea wakati. Kile kilichofundishwa miaka minne, namna data inavyopangwa, namna kompyuta mbili zinavyozungumza, namna hifadhidata inavyokataa kuandika vitu viwili vinavyopingana, hakichakai haraka. Lugha za programu zinakuja na kwenda kama mitindo ya nguo zako, lakini kitambaa ni kile kile. Niliowaona wakikwama baada ya miaka mitano ni wale walioingia na lugha moja ya mtindo bila msingi. Chuo kilimpungukia mahali pengine: hakikumpa mtu wa kumsomea kazi yake mstari kwa mstari, na hakikumpa mtumiaji wa kweli wa kumlalamikia. Mhadhiri mmoja mwenye wanafunzi 200 hawezi, hata akitaka.

Kuhusu akili unde sitakuficha. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, kazi ndogo ndogo tulizokuwa tukiwapa wachanga, kama kuandika ukurasa wa kujisajili au kutafsiri faili kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine, sasa mtu mzima huzimaliza peke yake kwa dakika chache. Mlango umekuwa mwembamba zaidi kwa sababu hiyo. Lakini mashine hizi nazo hufanya kosa lile lile la 0 ya kwanza, tena kwa kujiamini na kwa mpangilio mzuri kuliko binadamu. Anayeweza kusoma zilichoandika na kusema "hapa pesa zitapotea" bado anatafutwa. Aitumie, kila siku, lakini asiweke popote mstari ambao hawezi kukueleza wewe mamake kwa Kiswahili unafanya nini. Hicho ndicho kipimo ninachowapa hata watu wangu.

Sasa kozi. Shule hizi za miezi michache si utapeli kwa jumla, na zipo zilizosimama vizuri. Nimeajiri watu kutoka huko: mwalimu wa hesabu, muuguzi, mhasibu aliyechoka. Hao zinawafaa, kwa sababu hawakuwa na msingi na walihitaji mtu wa kuwashika mkono na ratiba ya kuwaamsha. Mwenye shahada ya Sayansi ya Kompyuta atarudia karibu nusu ya aliyokwisha kusoma. Nusu nyingine, kufanya kazi kwa kikundi, kutumia zana za ofisini, kupelekwa mbio na tarehe ya mwisho, ndiyo yenye thamani kwake. Swali ni kama nusu hiyo yaweza kupatikana kwa bei nyingine.

Hesabu mkopo. KSh 150,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi, riba ikipigwa kwa deni lililobaki, kwa miezi 36, ni karibu KSh 5,000 kila mwezi, na mwisho utakuwa umerudisha karibu 180,000. Malipo yanaanza kabla hajamaliza kozi. Unajua mwenyewe Januari ya soko inavyokuwa wazazi wote wakikimbilia karo. Na mkopo wa sacco una sura za watu: usipolipa, wanaokatwa ni wadhamini, wanawake ambao unakutana nao kila wiki.

Kama bado moyo unaelekea kwenye kozi, nendeni wote wawili shuleni kwenyewe, msiongee nao kwa simu. Hiyo asilimia 90, waulizeni ni 90 ya nani: ya waliojiunga, au ya waliomaliza na kujaza fomu? Walipata kazi gani, baada ya muda gani? Aliyebaki pale shuleni kuwa msaidizi wa mwalimu anahesabiwa? Ombeni namba za watu watatu waliomaliza wasipate kazi. Shule ya kweli inao na haioni haya. Ulizeni nani husoma kazi ya mwanafunzi, na amewahi kujenga nini yeye mwenyewe nje ya darasa. Angalieni kama wamesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, ambayo huchapisha orodha ya vyuo ilivyovikubali. Na wakiwaambia "soma sasa, utalipa ukipata kazi", msitie sahihi kabla ya mtu anayejua mikataba kuisoma, kwa sababu baadhi huandika kwamba kazi yoyote ni kazi, hata ya kuuza dukani.

Ningekuwa mimi, ningeipa jambo hili miezi minne kabla ya mkopo. Kama hana kompyuta ya maana, anunue iliyotumika kutoka ng'ambo kwa muuzaji anayetoa dhamana. Kwa KSh 35,000 hivi kuna zinazotosha kabisa. Masomo yenyewe yapo bure: kozi ya mtandaoni ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard kwa kurudia msingi, freeCodeCamp kwa kurasa za wavuti. Asizunguke sana akiuliza ajifunze lugha ipi ya programu, Python au JavaScript. Mchagua jembe si mkulima. Achague moja, ailime.

Halafu apate mtumiaji mwenye mdomo. Una chama? Nimejiuliza nikaona lazima unacho. Kina mweka hazina na daftari, na katika daftari lile kuna mistari iliyokatwa, faini za kuchelewa, mkopo wa mtu aliyelipa nusu kwa pesa taslimu na nusu kwa M-Pesa. Binti yako aketi na mweka hazina mikutano miwili bila kompyuta, asikilize tu. Kisha aigeuze kuwa programu ndogo, mwanachama apate salio lake kwa simu. Nakuhakikishia mweka hazina ataikataa mara ya kwanza. Atasema daftari ni haraka, au maandishi ni madogo, au kwa nini kila mtu aone deni lake. Hapo ndipo masomo yanapoanza, pamoja na somo la siri za watu, kwa sababu tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na kampuni nyingi zinahitaji mtu anayeielewa kwa vitendo. Aanze na akaunti za majaribio za Daraja, asiguse pesa halisi ya chama hata shilingi mpaka mtu aliyekomaa aisome kazi yake. Hilo nalisisitiza, nisije nikavunja chama chenu.

Na mtu huyo aliyekomaa anapatikana wapi? Nairobi ina mikutano mingi ya waandishi wa programu, jioni na Jumamosi, mingi haina kiingilio. Asiende kuomba kazi. Aende na kompyuta yake na swali moja mahususi: "Ujumbe wa pili usipokuja nafanyaje?" Sisi watu wa kazi hii hatuwezi kupita swali la namna hiyo. Tutavuta kiti. Kazi yake aiweke GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi na kuonyesha kazi zao, kosa na marekebisho yote yaonekane, kwa sababu ninapoajiri nasoma zaidi namna mtu alivyorekebisha kuliko alivyoandika mara ya kwanza. Maombi apunguze. Badala ya 70 yanayofanana, atume 10, kila moja likiwa na mistari mitatu inayoonyesha ametumia huduma ya kampuni hiyo na kuona mahali inapokwama. Nimewahi kupokea barua ya hivyo, ilinikera siku nzima kwa sababu ilikuwa kweli, na nilimwita.

Asitazame kampuni zenye majina makubwa pekee, wala kazi ya kuandika programu pekee. Kupima programu kabla hazijatoka, kupokea malalamiko ya wateja na kuyafuatilia hadi kwenye chanzo, kuunganisha mfumo wa hospitali na ule wa bima: hizo ni ngazi za kweli, na watu wazuri niliowahi kufanya nao kazi walipandia hapo. Mamlaka ya TEHAMA ya serikali nayo huwa na programu ya DigiTalent inayowachukua wahitimu kwa mwaka mmoja; afuatilie nafasi zikitangazwa. Na kwa mama mwingine anayesoma hapa, ambaye binti yake hakufika chuo kikuu kwa kukosa karo, aulizie AkiraChix, ambao wamekuwa wakiwafunza wasichana kazi hii tangu 2010.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Arudi idarani chuoni kwake, kwa miguu, amwone anayeshughulikia atachimenti na aombe barua ya utambulisho. Wengi hawajui mhitimu pia anaweza kusaidiwa. Mkopo, ongea na afisa wa sacco akuandikie ratiba ya malipo kabla ya chochote. Mtu yeyote akimwomba pesa ya usaili, ya "kufungua faili" au ya mafunzo ya lazima kabla ya kuajiriwa, aondoke, na kama ameshatoa aripoti kituo cha polisi. Na kama binti ameanza kulala mchana kutwa, hali chakula vizuri, hataki kuonana na wenzake, msilichukulie kuwa uvivu. Barua 70 bila kazi zinaumiza mtu. Aonane na mshauri nasaha, hata yule wa chuoni kwake, kabla ya kumsukumia kozi yoyote.

Baada ya miezi minne, kama chama kinatumia kitu chake, kama kuna watu wazima wawili watatu wanaomjua kwa kazi yake na bado hakuna mlango, niandikie tena. Hapo kozi inaweza kuwa na maana, na tutazungumza kuhusu mkopo wa nusu ya huo, na kama shule inakubali kulipwa kidogo kidogo.

Jambo moja zaidi kuhusu sacco yenu. Siku hizi sacco nyingi zina huduma ya simu, mikopo ya papo kwa papo, na wanachama wanaopiga simu kila asubuhi kusema pesa imekatwa lakini haijaingia. Hayo ni matatizo ya ujumbe wa pili usiokuja, yale yale. Ukienda kule wiki ijayo, kabla ya kuuliza habari ya fomu ya mkopo, omba kumwona meneja umuulize kama wanapokea wahitimu kwa mafunzo ya miezi 3 katika kitengo cha mifumo, hata kwa posho ya nauli tu, mradi kuna mtu wa kumsimamia. Barua aiandike binti mwenyewe, ukurasa mmoja, aambatishe ile kazi ya chama. Wewe mpe tu namba yako ya uanachama aitaje.